Vinyago vya mpingo sebuleni: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: sebule yako mpya iko tupu na unataka kuipamba kwa vinyago, uanzie wapi; halafu shemeji anahofia kwamba vinyago vinakaribisha majini. Mimi naishi navyo mwaka wa 9 sasa, hapa hapa Dar.

Cha kwanza nilinunua barabarani: mama amejitwika mtungi, mweusi tii. Baada ya miezi michache kila nikifuta vumbi nakuta unga mweupe chini yake. Kumbe si mpingo, ni mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu, na wadudu walishaubungua wote ndani. Iliniuma, maana nilikuwa nimekipenda kweli.

Safari ya pili nikaenda Mwenge, wanakochonga na kuuza. Mzee mmoja wa Kimakonde wala hakunisifia kazi yake. Alikigeuza kinyago kichwa chini, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua kitako pale ambapo msasa haukupita sana. Ukaonekana weusi wenye zambarau kwa mbali, na ukingoni mstari mwembamba wa manjano, ile mbao ya nje inayozunguka kiini. Kisha akanipa nikishike. Kidogo tu, lakini kilinivuta mkono. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Tangu siku ile sinunui kabla sijageuza na kubeba. Kufuta kwa kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka, peke yake hakutoshi, kwa sababu hata mpingo halisi mara nyingi hupakwa polishi mwishoni.

Siku hiyo niliondoka na ujamaa, ule mtindo wa watu waliobebana kuanzia wazee hadi watoto, wote kutoka gogo moja. Nikauweka chini ya kiyoyozi. Usiku mmoja tukasikia kitu kimelia "ta!", asubuhi nikakuta ufa umepita kwenye bega la bibi wa chini kabisa. Nilipourudisha kwa mzee akaniambia mpingo hukauka taratibu mno, na gogo huwa bado na maji ndani wakati linachongwa. Akaziba ufa kwa gundi na vumbi la mpingo wenyewe, usipoambiwa huuoni. Kwa hiyo mkuu, usikiweke kwenye upepo wa AC wala jua la dirishani, hasa mwaka wa kwanza.

Kuhusu kupanga, kosa langu lilikuwa kulijaza kabati lote. Vinyago 12 vimesongamana, hakuna hata kimoja kinachoonekana. Sasa sebuleni ninavyo 2 tu. Ujamaa uko juu ya kigoda, ukutani nyuma yake rangi ya maziwa, na taa inamulika kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa nyuso. Ukimulika kutoka mbele zinakuwa bapa. Usiweke mpingo kando ya TV au mbele ya sofa la kahawia iliyokolea, utapotea kabisa.

Sasa hofu ya shemeji. Usimdharau, mkuu. Ni kweli Wamakonde wana vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani, vinavyochezwa kwenye shughuli za jando na unyago, na hivyo vina heshima yake. Lakini mtindo wa "shetani" unaouzwa madukani, wenye jicho moja na miguu iliyojipinda, ulianza miaka ya 1950 kwa mchongaji Samaki Likankoa, na ulichongwa uuzwe. Hauabudiwi. Hata hivyo nyumba ni ya wote wawili. Mama yangu mzazi hakuutaka huo wa shetani, kwa hiyo wa kwangu uko chumba cha kusomea, na ujamaa ndio alioukubali. Kila akija anaanza kuhesabu watu waliomo. Mara ya mwisho alifika 23, akampata mtoto mmoja nyuma ya mgongo ambaye mimi sikuwahi kumwona.

Nenda na shemeji siku ya kuchagua, mpe akishike mwenyewe.