Maswali ya Wasomaji: Duke na North Carolina, watani wanaoamuliwa na mtupo huru

SWALI: Hosteli nzima tunabishana kuhusu Duke na North Carolina, vyuo vya Marekani vyenye utani wa jadi katika mpira wa kikapu. Mimi nasema mechi kubwa kuliko zote ni ya 2022, mwenzangu anashikilia ya 1974. Tuamulieni.
Mwanafunzi, Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Kwa uzito wa mechi, wewe umeshinda. Kwa timu inayotaka kujifunza, mwenzako.

Vyuo hivi viko jimbo moja la North Carolina, Duke mjini Durham na North Carolina mjini Chapel Hill, kama kilomita 16 tu kutoka kimoja hadi kingine, na wamekuwa wakipambana tangu 1920. Lakini kwenye mashindano ya taifa ya vyuo (NCAA) hawakuwahi kukutana hata mara moja hadi tarehe 2 Aprili 2022, nusu fainali kule New Orleans. Kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, alikuwa anastaafu baada ya misimu 42. Mwezi mmoja nyuma North Carolina walikuwa wameshamharibia mechi yake ya mwisho nyumbani kwa 94-81. Safari hii walimfunga 81-77 na kumaliza kazi yake kabisa. Caleb Love alifunga pointi 28, ikiwemo ile ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde kama 25, na Armando Bacot akachukua ribaundi 21, yaani mipira iliyokoswa kikapuni. Wengi wanaikumbuka shuti ya Love. Sisi tunasema itazameni sekunde chache kabla yake: Duke wako nyuma 75-74, Mark Williams anapewa mitupo huru miwili, ile ya kupiga bila kukabwa baada ya kuchezewa faulo, anakosa yote. Angefunga hata mmoja, Love angepiga ile shuti matokeo yakiwa sare, na presha yote ingekuwa nyingine.

Sasa ya 1974, tarehe 2 Machi, Chapel Hill. Zimebaki sekunde 17, Duke wanaongoza 86-78. Enzi hizo hakuna pointi tatu, kwa hiyo pointi 8 maana yake ni vikapu vinne. Bobby Jones wa North Carolina akafunga mitupo huru miwili. Duke wakashindwa kuingiza mpira salama, John Kuester akafunga. Wakashindwa tena, shuti ya kwanza ikagonga, Jones akairudishia ndani: 86-84. Hatimaye mpira ukaingia, Pete Kramer wa Duke akachezewa faulo, akakosa mtupo wake. North Carolina wakaomba taimauti (kusimamisha mchezo kidogo), wakarusha mpira mrefu kwa Walter Davis, naye akapiga kutoka kama mita 9, ukagonga ubao ukazama. Muda wa nyongeza wakashinda 96-92.

Mpira hupotea wakati wa kuuingiza kwa sababu moja kubwa: wapokeaji wanasimama wakiusubiri. Muingizaji ana sekunde 5 tu. Baada ya kufungwa kikapu anaruhusiwa kukimbia kushoto na kulia nyuma ya mstari wa mwisho, na vijana wengi wanasahau haki hiyo, wanaganda kama vile ni mpira wa pembeni, ambako kweli huruhusiwi kusogea zaidi ya mita 1. Mpangieni hivi: mmoja amkingie mwenzake beki, huyo aliyekingiwa aukimbilie mpira, wa tatu akimbie mbali kuwavuta mabeki. Msiupeleke kwenye kona, kona inamsaidia anayekaba. Na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mkiwa na taimauti dakika 2 za mwisho za robo ya nne, kocha anaweza kuchagua mpira uingizwe upande wenu wa kushambulia. Tunzeni taimauti kwa ajili hiyo.

SWALI: Mwaka 2020 Tre Jones wa Duke alikosa mtupo huru kwa makusudi. Nataka kuwafundisha vijana wangu. Inafanywaje?
Mwalimu wa michezo, Kondoa

JIBU: Mwalimu, fundisha, lakini mwisho kabisa, baada ya kufundisha kuufunga. Usiku huo Chapel Hill, Duke walikuwa nyuma 84-82, sekunde chache, mtupo mmoja umebaki. Kuufunga kungewaacha pointi moja nyuma bila mpira. Jones akaupiga kwenye ukingo wa mbele wa ringi, ukaruka nje, akaukimbilia mwenyewe na kufunga king'ora kikilia. Muda wa nyongeza Wendell Moore wa Duke akadaka mpira uliokoswa na kufunga kikapu cha mwisho, Duke wakashinda 98-96.

Mpigaji anapiga mpira bapa na kwa nguvu, usawa wa macho, akilenga ukingo wa mbele. Haruhusiwi kuvuka mstari hadi mpira uguse ringi. Wenzake wawili walio pembeni ya eneo wanaingia pindi tu mpira unapotoka mkononi mwake. Mabeki wa wapinzani ni watatu nao wapo karibu zaidi na kikapu, ndiyo maana mpira lazima urudi mbali, usidondoke chini ya nyavu. Makosa ni haya: mpira kugonga ubao tu bila ringi, na hapo wapinzani wanapewa, mpigaji kuvuka mapema, na mpira kupigwa juu sana, ukaingia! Kama zimebaki zaidi ya sekunde 6 au 7, funga, kisha kaba kwa nguvu au cheza faulo halali, ya kuucheza mpira.

Na angalia upande wa pili. North Carolina walipata mitupo huru 38 usiku ule, wakafunga 21. Mitupo 17 iliyokosekana kwenye mechi ya pointi mbili! Vijana wapige wakiwa wamechoka: kimbia uwanja kwenda na kurudi, piga miwili, kimbia tena, hadi 20. Kwa viwanja vyetu vya wazi, fanyeni asubuhi kabla upepo haujaamka, na fagieni vumbi kwenye mstari, maana kiatu kikiteleza hata kidogo shuti inakuwa fupi.

SWALI: Ni kweli kuna mechi yao iliyoenda mapumziko 7-0?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kweli. Tarehe 24 Februari 1979, uwanja wa Cameron, Duke 7, North Carolina 0. Hakukuwa na saa ya kuhesabu muda wa kushambulia, hivyo kocha wa North Carolina, Dean Smith, aliwaambia vijana wake waushike mpira ili kuwavuta Duke watoke kwenye ukabaji wa eneo. Kipindi cha pili kila timu ilifunga 40, ikaisha 47-40. Vyuo vya Marekani viliweka sekunde 45 msimu wa 1985-86, zikashuka hadi 35, na tangu 2015 ni 30. Kwetu, kwa FIBA, ni 24.

SWALI: Tukitaka kuwaangalia moja kwa moja tuamke saa ngapi?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Kwa kawaida hukutana mara mbili kwa msimu, Februari na mwanzoni mwa Machi. Tuko saa 8 mbele yao. Mechi ya saa 3:00 usiku kule ni saa 11:00 alfajiri hapa. Ya Jumamosi saa 12:30 jioni ni saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, tofauti inabaki saa 7. Tengeni saa mbili na nusu, na bando la ziada kwa muda wa nyongeza.