Kati, katikati, kitovu: leo tunajibu ya hapo hapo katikati

Hivi kati na katikati si neno moja tu, mtu kajirudia?

Hapana, kule kujirudia ndo kunafanya kazi. Chukua namba 5 na 9. Ukiniambia nitaje namba iliyo kati ya 5 na 9 nakutajia 6, 7 au 8, yoyote na nimepata, ila ukisema iliyo katikati ya 5 na 9 ni 7 basi, haina mwenzake. Yaani kati ni nafasi nzima iliyopo baina ya vitu, katikati ni pointi. Ndo maana mpira ukianza unawekwa katikati ya uwanja, ukiniambia uko "kati ya uwanja" mi nasubiri umalizie, kati ya uwanja na nini? Na shuti likipita palepale bila kuyumba watu wanasema limepita kati kwa kati. Kwenye kuongea watu wanalegeza, mtu yuko karibu na mlango kabisa anakwambia amekaa katikati ya mlango na dirisha, sina ugomvi naye, ila ukiwa unampimia fundi sehemu ya kutoboa usilegeze.

"Njoo kati ya saa 2 hadi saa 4" ni sawa?

Si sawa, na mimi mwenyewe nilishaiandika kwenye tangazo afu nikaiona imeshabandikwa. Kati ya inaenda na "na": kati ya saa 2 na saa 4. Hadi mwenzake ni kuanzia.

Mbona tunasema Benki Kuu, si ilitakiwa iwe Benki ya Kati?

Swali zuri hili. Kuu inaongelea ukubwa wa mamlaka, kati inaongelea mahali, kwa hiyo Benki Kuu na Kamati Kuu ziko juu ya wenzao, hazipo katikati ya chochote. Linganisha na Reli ya Kati ya Tanzania, hiyo inakatiza kweli katikati ya nchi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, kwa hiyo kati yake ni ya kwenye ramani.

Kitovu na kiini je?

Kitovu unacho tumboni, na duara nalo linacho: ile alama inayoachwa na ncha ya bikari, ukipima kutoka hapo kwenda popote kwenye mstari wa duara urefu ni ule ule. Tetemeko la ardhi nalo lina kitovu. Kiini kiko ndani ila si lazima kiwe katikati, we chemsha yai ulikate, mara nyingi utakuta kile cha njano kimeegemea upande mmoja karibu kinagusa ukingo na bado kinaitwa kiini cha yai, hakuna anayebisha.

Wastani maana yake si katikati?

Asili yake ndo hiyo, neno la Kiarabu la katikati, ila kwenye hesabu zimeshaachana. Una 1, 2 na 9: inayokaa katikati ni 2, wastani ni 4, na hiyo 4 hata haimo kwenye orodha.

Na "katikatini"?

Acha hiyo "ni" ya mwisho, kati ni mahali tayari.