Je, nikiwekewa lenzi bandia nitaweza tena kusoma bila miwani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu ujana navaa miwani ya namba −5. Bila miwani simtambui mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini nikiivua natunga uzi kwenye sindano bila shida. Sasa nina mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na daktari ameshauri niwekewe lenzi bandia. Mwenzangu aliyewekewa anaona mbali vizuri, ila hasomi tena bila miwani. Je, nami yatanikuta hayo?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Yanaweza kukukuta, na umeuliza kwa wakati, kwa sababu jambo hili huamuliwa kabla ya upasuaji.

Jicho lisiloona mbali mara nyingi huwa refu kupita kiasi. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na likizidi kwa milimita 1 tu huongeza karibu namba 3 za miwani. Nuru itokayo mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, yaani utando wa nyuma unaoipokea, na picha hufika ikiwa na ukungu. Kitu cha karibu ndicho huangukia mahali pake: kwa namba yako, umbali huo ni kama sentimita 20, na ndiyo maana tundu la sindano unaliona hali wenzako wa rika lako wanainyoosha mikono.

Katika upasuaji, lenzi ya asili iliyoingia ukungu hutolewa, na mahali pake huwekwa ya plastiki. Harold Ridley aliipandikiza ya kwanza jijini London mwaka 1949, baada ya kuona kuwa vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta uvimbe mkubwa. Siku hizi nguvu ya lenzi huchaguliwa kwa kupima jicho lenyewe, kwa hiyo hata kutoona mbali kunaweza kurekebishwa papo hapo. Hata hivyo, lenzi ya kawaida huona vizuri umbali mmoja tu. Ikipangiwa mbali, kusoma kutahitaji miwani, na hapo ndipo mwenzako alipofika.

Kwa mtu aliyezoea vitabu na sindano, mimi nisingekimbilia kuchagua mbali. Mwulize daktari kama anaweza kukuachia namba −2.5 hivi, ili usome kwa sentimita 40 bila miwani na uivae unapotoka nje, ingawa ule ukaribu wa sentimita 20 hautarudi. Ukichagua mbali, uliza pia jicho la pili litafanyiwa lini, maana jicho moja likiwa halina namba na jingine likibaki na −5, ubongo hupata taabu kuziunganisha picha mbili zisizolingana ukubwa, hata ukivaa miwani.

Jambo moja nakusihi usilipuuze: lenzi mpya haifupishi jicho. Retina ya jicho refu hubaki imevutika, na hatari ya kubanduka ni kubwa kuliko kwa wengine, hasa baada ya upasuaji. Ukiona mimweko ya nuru, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea ghafla, au kivuli kama pazia kikishuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama huna maumivu yoyote.