Muulize Karani: "Wote" ni pamoja na mimi?

SWALI: Shikamoo Karani. Mimi ni Mtongwe wa mwambao wa kusini, huku kunakofikika kwa boti kutoka Ujiji. Diwani wetu ni mmoja kwenye baraza la watu wengi, na kila akirudi kikaoni anatuambia, "Nilisema, wakanizidi." Wazee wameanza kunong'ona kwamba amenunuliwa. Sasa mwalimu mmoja hapa kijijini ametusimulia habari za mjumbe wa bunge kutoka kaskazini mwa Kanada, mtu wa kabila dogo, aliyekwamisha nchi nzima kwa neno "hapana" huku ameshika unyoya. Wengine tumecheka. Ni kweli? Na kama ni kweli, wetu anashindwa na nini?
*Msomaji, Wilaya ya Uvinza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu hajawadanganya, na unyoya ulikuwepo, wa tai. Ila mkiushangaa unyoya mtaikosa habari yenyewe.

Mtu huyo aliitwa Elijah Harper. Alizaliwa 1949 Red Sucker Lake, kijiji cha Waoji-Krii, kabila mojawapo la wenyeji wa asili, kaskazini mashariki mwa jimbo la Manitoba. Jina la kijiji limetokana na samaki, kwa hiyo nyinyi wa migebuka mtaelewana nao. Huko unafika kwa ndege ndogo, au wakati wa baridi kali kwa njia inayopita juu ya barafu. Akiwa mtoto alipelekwa shule za bweni za mbali zilizowekwa kuwatoa watoto wa wenyeji kwao. Alirudi, akawa chifu wa kijiji 1978, na 1981 akaingia bunge la jimbo lenye viti 57.

Mwaka 1987 waziri mkuu wa Kanada, Brian Mulroney, na mawaziri wakuu wa majimbo yote kumi walikubaliana kubadili katiba, hasa ili jimbo la Quebec, lenye wasemaji wengi wa Kifaransa, litambuliwe kuwa jamii ya pekee. Makubaliano hayo yaliitwa Meech Lake, jina la ziwa walilokutania. (Wakubwa wanapenda kukaa kando ya maji wakiamua mambo ya wengine.) Wenyeji wa asili, waliokuwa kwenye ardhi ile kabla ya Mfaransa na Mwingereza, hawakuitwa mezani. Kila jimbo lilitakiwa kupitisha kabla ya 23 Juni 1990.

Manitoba ilichelewa mpaka siku za mwisho. Viongozi wa vyama vyote vitatu walikuwa wameshakubali, pamoja na kiongozi wa chama chake Harper. Lakini kuingiza hoja ile bila taarifa ya siku kadhaa iliyotakiwa na kanuni, kulihitaji ridhaa ya wajumbe wote. Si wengi. Wote. Tarehe 12 Juni spika akauliza kama ipo ridhaa hiyo, na Harper akasema hapana. Akarudia siku zilizofuata. Alitumia sauti ya chini, wala hakutoa hotuba ya kupiga meza. Nje machifu na watu wao walipiga ngoma. Tarehe 22 bunge la Manitoba likaahirishwa bila kura, jimbo la Newfoundland nalo likafuta kura liliyokuwa limepanga kupiga, na mpango ukafa.

Hapa ndipo mimi, karani mstaafu, huvuta kiti mbele. Miongoni mwa waliomsaidia Harper kuzisoma zile kanuni alikuwemo mwanasheria Gordon Mackintosh, aliyewahi kuwa naibu karani wa bunge lilelile. Mtu wa makaratasi! Sisi tunaokaa pembeni na kalamu tunajua mlango gani una bawaba mbovu.

Kwa hiyo diwani wenu huenda anasema kweli. Kwenye baraza la halmashauri mambo mengi huamuliwa kwa wingi wa kura. Mwenyekiti anasema "wanaoafiki waseme ndiyo", ukumbi unaitikia, halafu "waliosema ndiyo wameshinda". Hapana moja haizuii kitu. Msimpime kwa Harper, maana Harper alisimama mahali ambapo mmoja alitosha. Mpimeni kwa jambo jingine: je, hapana yake imeandikwa?

Nauliza kwa sababu nina deni. Nilikuwa karani wa vikao kwenye halmashauri moja ya mkoa huu, sitaitaja. Kulikuwa na diwani wa kata ya ziwani aliyekuwa akija viatu vyake viko ndani ya mfuko wa nailoni, suruali imekunjwa hadi magotini, anavaa viatu ngazini. Siku hiyo ilipita hoja ya kuhamisha fedha za zahanati ya kwao. Akasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sikubali, na naomba iandikwe." Nilimsikia vizuri kabisa, alikuwa hatua nne kutoka mezani kwangu. Lakini wakubwa wangu walipenda mihtasari safi, saa nane ilishapita na wali ulikuwa unapoa. Nikaandika: "Wajumbe wote waliafiki."

Kikao kilichofuata kulikuwa na kusi, boti hazikutoka. Muhtasari ukasomwa, ukathibitishwa, tukaingia kwenye yatokanayo. Yeye alifika siku mbili baadaye, akaniomba nakala, akaisoma amesimama. Akaweka kidole kwenye mstari ule, kidole chenye makovu ya ndoana. "Karani, hii 'wote' ni pamoja na mimi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutarekebisha. Hatukurekebisha. Kule kijijini kwake nao walisema amenunuliwa, na karatasi ya kuwakanusha ningekuwa nayo mimi, kama ningeiandika.

Basi fanyeni hivi. Diwani aandike pingamizi lake mapema kwenye karatasi, asome, kisha amkabidhi karani mkononi na abaki na nakala. Aombe jina lake litajwe kwenye muhtasari. Kikao kinachofuata asikose ajenda ya kuthibitisha muhtasari, hata ikibidi alale Ujiji siku tatu. Mchangieni nauli na ugali. Na mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi, kwa hiyo tumeni vijana wawili wakae nyuma na daftari. Karani akiona daftari jingine ukumbini, kalamu yake hunyooka, naapa.

Tena msitarajie makubwa mno. Hapana ya Harper haikujenga nyumba hata moja Red Sucker Lake, na Quebec waliikasirikia Manitoba. 1995 walikaribia kujitenga, waliokataa kujitenga walishinda kwa asilimia 50.58. Lakini mazungumzo ya katiba yaliyofuata, 1992, wenyeji wa asili walikaa mezani. Makubaliano yake nayo yalikataliwa kwenye kura ya maoni. Harper alikwenda bunge la taifa 1993 akakaa hadi 1997, akafariki 2013.

Kuhusu Mahale uliyoigusa mwisho wa barua, kwamba hifadhi ya 1985 iko juu ya makaburi ya babu zenu, hilo linataka toleo zima. Niandikie majina ya vijiji vya zamani kama wazee wanavyoyatamka, kwa Kitongwe, wala usiyasahihishe.

SWALI: Karani, hao wenyeji wa kaskazini mwa Kanada siku hizi wana wabunge wangapi?
*Msomaji, Tabora mjini*

JIBU: Inategemea kaskazini ipi. Chukua Nunavut, eneo la Wainuiti lililoanzishwa 1 Aprili 1999. Ni kubwa kama Tanzania mbili, lina vijiji na miji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata viwili. Bunge la taifa wanampeleka mbunge mmoja. Uchaguzi wa 2021 alishinda Lori Idlout, mmoja kati ya wabunge 338 wa wakati huo, na ameshasimama bungeni akazungumza Kiinuktituti huku wakalimani wakihangaika naye. Wewe wa Tabora unayelalamika kumsubiri mbunge wako, mwenzako anasubiri ndege.