Supa gluu kwa taa za utepe: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu, umesema taa zako za LED zinabanduka kwenye dari la jipsamu, na unataka supa gluu kwa sababu inashika upesi. Usiipake utepe mzima. Ni kweli inashika kwa sekunde chache, lakini ikikauka inakuwa ngumu na haivumilii kupinda. Utepe ukipata joto hutanuka, ukizimwa husinyaa, na gundi hupasuka. Mvuke wake pia huacha ukungu mweupe juu ya vitaa.

Kabla ya gundi yoyote, pitisha kidole darini. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ndiyo sababu: gundi imeshika vumbi la rangi, haijashika dari. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kingine chenye spiriti kidogo, uache pakauke kabisa.

Kisha tumia selotepu nene ya povu, yenye gundi pande mbili, aina ya akriliki kama 3M VHB. Bonyeza kwa nguvu kila sehemu. Inashika papo hapo, ila nguvu yake kamili huja baada ya saa 72, kwa hiyo usivute waya mapema.

Kwenye kona weka tone la silikoni, ukishikilia kwa selotepu mpaka kesho yake. Chagua isiyonuka siki, maana ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula shaba ya utepe. Hapa usibane matumizi, tafadhali. Ukipata reli ya alumini ya kulazia utepe, ifunge darini kwa skrubu. Inapunguza joto pia.