Kidonge cha chini ya ulimi

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Baba yako jana kaenda sokoni kwa miguu yake, karudi na samaki.

Sasa swali lako. Siku ile kifua kilipombana baba yako ulikimbilia maji akimeze kidonge chake cha moyo, nami nikakufokea kwamba hicho hakimezwi, huwekwa chini ya ulimi. Ukaniuliza: si kitafika kwenye damu vilevile?

Kitafika, lakini njia ni mbili. Kinachomezwa hufyonzwa utumboni, na damu ya utumbo haiendi moyoni moja kwa moja. Mshipa mmoja mnene huikusanya na kuipeleka kwenye ini kwanza. Ini ni kama mizani ya malori: hupiti bila kusimama, na mzigo unashushwa. Dawa ile, nitrogliserini, ikipita hapo karibu yote huvunjwa. Unabaki umemeza maji tu.

Simama mbele ya kioo uinue ulimi. Utaona mishipa ya bluu, imefunikwa na utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Dawa hupenya hapo, ikateremka kwa mishipa ya shingo hadi moyoni, ikapita mapafuni, ikarudi moyoni na kusukumwa mwilini. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na moyo uliotulia husukuma karibu kiasi hichohicho kila dakika. Ndiyo maana baba yako hupata nafuu kabla chai haijapoa.

Ila damu haichagui pa kwenda. Dawa hulegeza mishipa ya moyo, na ya kichwa pia, ndipo anapolalamika kichwa kinamgonga. Presha nayo hushuka, kwa hiyo aketi kwanza. Dakika 5 zikipita na kifua bado kinabana, hakuna kusubiri, ni hospitali.

(Usicheke: nitrogliserini hii ni kitu kilekile alichotengenezea dainamaiti, ile baruti ya kupasulia miamba, Alfred Nobel mwaka 1867. Uzeeni, moyo ulipomsumbua, madaktari wakamwandikia hichohicho.)

Jambo moja. Kile kikopo cha plastiki chenye vyumba vya siku ulichomletea ni kizuri, na vidonge vya presha nimevipanga humo. Hivi vya ulimi nimevirudisha kwenye chupa yake ya kioo cha kahawia. Plastiki huinyonya ile dawa, na hewa huimaliza.

Mama yako