Ukienda kurukia visiwa vya Uskoti na ndege ndogo, beba na nauli ya feri

Ndege ya klabu ilikuwa imelala kwenye majani pale Glenforsa, kisiwa cha Mull, na mimi niliyeipeleka nimekaa kwenye feri ya kutoka Craignure kwenda Oban, begi mgongoni, hedseti shingoni kama mtu aliyeshushwa njiani. Jumatatu asubuhi hiyo, kazini Glasgow wananisubiri. Ndo ilivyoisha safari yangu ya kwanza ya kuzunguka visiwani. Sasa kama na wewe una leseni yako na unapanga kwenda huko nikwambie nilipopatia na nilipoboronga, maana kazi kubwa inafanyika mezani na simu mkononi, kabla hata hujakagua oili.

Kosa lenyewe lilikuwa hili: nilipanga kwa ratiba ya wikiendi. Ijumaa jioni Cumbernauld, kiwanja cha klabu karibu na Glasgow, mpaka Oban, Jumamosi Barra halafu kulala Glenforsa, Jumapili nyumbani, na kwenye SkyDemon, ile programu ya kupangia safari za ndege, ilipendeza kweli, ila hakuna hata siku moja ya akiba. Magharibi ya Uskoti upepo mwingi unatoka kusini magharibi, unakuja na unyevu wote wa Atlantiki, ukigonga mlima wingu linatua hapohapo na halina haraka. Ben Nevis ni mita 1,345, Ben More ya hapo Mull ni mita 966, sio mirefu ukilinganisha na ya kwetu lakini ukiwa na wingu la futi 800 hata kilima kinatosha kukuua. Siku hizi nikitaka siku mbili za kuruka naomba likizo ya siku nne au tano, na bosi najua atanuna, anune tu.

Tuje Barra, maana najua ndo wengi mnakotaka kwenda. Uwanja wenyewe ni ufukwe, unaitwa Traigh Mhòr, njia tatu za kurukia zimepangwa kama pembetatu mchangani na mwisho wa kila moja kuna nguzo za mbao, na maji yakijaa zote zinazama. Hata ndege ya abiria ya kutoka Glasgow, ile Twin Otter ya Loganair, ratiba yake inafuata maji. Mimi nimekulia Tanga, bamvua na maji mafu nilifundishwa na bibi aliyekuwa anakwenda kuokota kombe, kwa hiyo nilijiona nimeshamaliza mtihani. Wapi! Jedwali la maji nililochukua lilikuwa limeandikwa kwa saa za GMT, na kiangazi Uingereza inasogeza saa moja mbele, na uwanja ukikupa saa kwa simu unakupa saa ya ukutani, na mwenzangu wa Mombasa akisema saa nne anamaanisha ile saa nne yetu ya asubuhi, yaani ndani ya chumba kimoja tulikuwa na saa za aina tatu. Tukakubaliana ndege nzima inaongea UTC tu, ile saa moja ya dunia nzima wanayotumia marubani, asiyetaka abaki Oban.

Barra huendi bila kupiga simu kuomba ruhusa kwanza. Utaambiwa ni dirisha gani la maji unaweza kutua, na hilo dirisha lichukulie kama mlango wa basi, likifungwa limefungwa, usiseme nitachelewa dakika ishirini hivi. Na kila siku maji yanasogea kama dakika 50, kwa hiyo ukikwama leo kwa hali ya hewa usidhani kesho utakwenda saa ileile. Lile fuko la kuonyesha upepo likiwa limepandishwa watu wanatakiwa watoke ufukweni, ila wewe angalia mwenyewe kabla hujashuka. Mchanga ulio imara una mikunjo midogo, ukitua pale ni kama lami yenye matuta madogo, lakini ukikanyaga dimbwi maji ya chumvi yanapiga kila mahali, breki, mabawa, propela. Uliza klabu yako mapema kama bima inaruhusu ufukwe, nyingi hazipendi hata majani. Na ukirudi osha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, chini ya tumbo hasa, hata kama umechoka.

Njia ya kwenda. Kutoka Oban mpaka Barra moja kwa moja ni kama maili 75 za baharini, kwa Warrior yetu, ile ndege ya klabu ya viti vinne, dakika 45 hivi, na kipande kikubwa cha mwisho ni maji matupu. Sisi tulipita Mull, tukaelekea Rum na Canna, ndo tukavuka kwenda South Uist na kushuka nayo mpaka Barra. Ni kuzunguka, ndio, lakini maji ya wazi yanabaki maili ishirini na kitu, na kutoka futi 5,000 injini ikizima bila upepo unateleza maili saba au nane, piga hesabu mwenyewe katikati unabaki na dakika ngapi za kuogelea. Kiangazi bahari ile iko nyuzi 12 mpaka 14, sio Raskazone ya kwetu Tanga. Jaketi la kuokolea livae kabla hujapanda, likiwa bado halijajazwa upepo, usiliweke kiti cha nyuma eti nitalifikia. Tulibeba pia kiredio kile cha dharura cha 406 MHz, kimefungwa mwilini mwa mtu, kisifungwe kwenye begi. Na hewa ile yenye unyevu inapenda kuleta barafu kwenye kabureta hata siku unayoona ni ya joto, vuta hita ya kabureta mara kwa mara, mimi injini ilinikohoa juu ya Mull nikaomba dua zote ninazozijua.

Mafuta ndo yanaamua kila kitu. Oban wana Avgas, petroli ya ndege ndogo, Barra hamna, Glenforsa hamna, Plockton hamna. Piga simu siku moja kabla uhakikishe mafuta yapo na mtu wa kukujazia yupo, maana viwanja hivi saa zake za kazi ni chache na Jumapili usiibashirie. Jaribu kutojaza tangi mpaka juu kwa mazoea. Warrior ina alama ndani ya tangi, ukijaza mpaka hapo una kama lita 128, na tukiwa watu wawili na mizigo ilitutosha kwenda Barra, kurudi Mull, na bado kukimbilia Benbecula, kisiwa jirani chenye uwanja, pakiwa pabaya. Uzito huo mdogo ndo unaokutoa kwenye kiwanja kifupi cha majani. Kitabu cha ndege kinakupa urefu wa kiwanja unaohitaji kwa rubani wa majaribio na ndege mpya, wewe zidisha: CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, inashauri mara 1.33 kwa kuruka na 1.43 kwa kutua, na kabla ya hapo uwe umeshaongeza ya majani, majani mabichi yaliyolowa peke yake yanaongeza kama asilimia 30 kwenye kuruka. Nilipofanya hiyo hesabu kwa watu wanne na tangi limejaa, jibu lilikuwa tunaishia majini kwenye Sound of Mull, mlango wa bahari ulio pembeni ya kiwanja cha Glenforsa. Nikaacha wawili nyumbani, walinuna mpaka leo.

Notamu, yale matangazo ya tahadhari kwa marubani, soma asubuhi yenyewe, sio usiku. Huko visiwani kuna eneo la kurushia makombora la jeshi, na kwenye mabonde ndege za kivita zinapita chini kuliko wewe, siku za kazi hasa.

Glenforsa yenyewe ni tamu. Majani pembeni ya bahari, hoteli ya mbao hapohapo, unatoka kwenye ndege unaenda kula. Kiwanja kilijengwa na wahandisi wa jeshi miaka ya 1960. Jioni lazima utasikia habari ya Peter Gibbs, aliyeruka hapo usiku wa tarehe 24 Desemba 1975 na Cessna, kiwanja hakina taa, hakurudi, mwili wake ukakutwa Aprili 1976 mlimani karibu na hapo na mpaka leo watu wanabishana ilikuwaje. Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa kaka, kesho tunaondoka saa ngapi?" Nikamwambia saa tano za asubuhi.

Saa tano wingu limekaa futi 600. Saa nane futi 500 na manyunyu. Saa kumi pakafunguka upande wa mashariki kama mlango, nikaanza kufungua kamba za ndege, jamaa kasimama tu ananiangalia hasemi kitu. Nikaangalia Oban, mbovu. Nyuma ya Oban, mbovu zaidi. Nikazifunga tena kamba, na visubi vinatutafuna masikio.

Kwa hiyo hivi ndo nabeba sasa: vigingi na kamba nzuri, kava za ndege, dawa ya visubi, ratiba ya feri na ya basi la kwenda Craignure, na hela ya treni ya Oban kwenda Glasgow, ambayo yenyewe ni kama saa tatu. Na klabu mnakubaliana mapema ndege ikikwama mnalipaje, maana mimi nilikuja kulipia saa za siku nne ambazo haikuruka.

Alhamisi nikaifuata. Anga haina hata wingu, kondoo wamekojoa kwenye tairi la mbele. Dakika 45 niko Cumbernauld.